Baraza la mbao nyuma ya nyumba ya pwani: namna ya kulijenga lidumu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Kigamboni, kiasi cha mita 700 kutoka baharini, katika nyumba ya matofali ya saruji ambayo mlango wake wa nyuma uko sentimita 60 juu ya ardhi. Ninataka kujenga baraza la mbao la kukaa jioni na familia, lenye ukubwa wa karibu mita 6 kwa 4. Fundi seremala amenishauri tutumie mbao za msindano za dawa, nguzo za mbao zipakwe oili chafu na kuchimbiwa ardhini, na upande wa nyumba tupigilie mbao ukutani ili zibebe sakafu. Jirani yangu alijenga hivyo hivyo, na baraza lake lilianza kubonyea kabla ya kumaliza mwaka wa nne. Nifanye nini ili langu lidumu?

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua mbao, kwa sababu sehemu kubwa ya umri wa baraza huamuliwa kwenye mchoro, wakati hata msumari mmoja haujapigwa. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kunyeshewa peke yake hakuiozeshi mbao. Kinachoiozesha ni kukosa nafasi ya kukauka baada ya kunyeshewa. Kuvu inayokula mbao huhitaji unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ndani ya mbao yenyewe, na huhitaji ukae kwa muda. Mbao inayolowa usiku wa masika na kukauka kufikia alasiri inaweza kuishi miaka mingi sana, ilhali mbao ya aina ile ile iliyobanwa kati ya ukuta na mbao nyingine, au iliyosimama ndani ya mchanga wenye unyevu, hubaki mbichi wiki hadi wiki na kuoza. Kila ushauri nitakaokupa hapa chini umetoka kwenye hoja hiyo, nikiongeza mambo mawili ambayo pwani yetu haisamehi: chumvi ya bahari na mchwa.

Tuanze na baraza la jirani yako. Nguzo ya mbao iliyochimbiwa haianzi kuoza mwishoni kabisa kule chini, bali sentimita chache chini ya uso wa ardhi, mahali ambapo unyevu na hewa hukutana. Ukiifukua utakuta kiuno kimelika huku ncha ya chini ikiwa bado ngumu. Oili chafu haizuii hali hiyo, kwa kuwa inabaki kwenye ngozi ya mbao bila kuingia ndani, na mbao inapopasuka kwa jua ufa hupita moja kwa moja hadi sehemu isiyo na kinga. Zaidi ya hapo, oili ile ina mabaki ya metali kutoka kwenye injini, nayo huishia kwenye udongo wa uwanja ambako watoto wanacheza. Ninakusihi usiitumie mahali popote katika kazi hii.

Mbao ya kupigiliwa ukutani ni hatari ya namna nyingine. Katika nchi ambako mabaraza ya namna hii ni mengi, kama Marekani, yanapoanguka na watu wakiwa juu yake chanzo kinachoonekana mara kwa mara ni ile mbao ya ukutani iliyoshikiliwa kwa misumari peke yake: maji huingia nyuma yake, mbao huoza, misumari huchomoka. Kwetu tatizo linaongezeka, kwa sababu matofali mengi ya saruji yanayofyatuliwa mitaani hayana nguvu ya kushika bolti yenye uzito wa baraza zima, na ukuta uliotobolewa kila hatua hufungua njia ya unyevu kuingia chumbani. Uamuzi wangu kwa nyumba yako hauna mashaka: baraza lisimame lenyewe kwa miguu yake, likiwa limeachana na ukuta kwa sentimita 3. Utahitaji safu moja zaidi ya misingi, na gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kubomoa ukuta.

Sasa vipimo. Ninakuomba upunguze kidogo ukubwa ulioutaja na ujenge mita 5.4 kwa urefu sambamba na nyumba, na mita 3.6 kwenda nje uwanjani. Sababu ni kwamba mbao nyingi katika maduka yetu huuzwa kwa urefu wa futi 12, yaani mita 3.66, na baraza lililopimwa kwa kufuata mbao halina viungio vinavyoning'inia wala vipande vya kutupa. Waashi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Unguja ni vyembamba na virefu: upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari.

Muundo utakuwa wa tabaka tatu. Chini kabisa kuna mihimili miwili iliyo sambamba na nyumba. Juu yake zinalala boriti, zikielekea kutoka ukutani kwenda uwanjani. Na juu ya boriti zinapigwa mbao za kukanyagia. Weka mhimili wa kwanza nusu mita hivi kutoka ukingo wa upande wa nyumba, na wa pili mita 2.4 kutoka katikati ya ule wa kwanza. Boriti za inchi 2 kwa 6, zikisimama kwa ubavu, zitavuka mita hizo 2.4 bila kunesa, kisha zitatokeza mbele ya mhimili wa pili kwa takriban sentimita 60 au 70. Usiruhusu sehemu hiyo inayotokeza izidi hapo, kwa kuwa ncha ya boriti isiyo na egemeo haipaswi kwenda mbali zaidi ya robo au kidogo zaidi ya robo ya urefu uliobebwa. Kila mhimili utengenezwe kwa mbao mbili za inchi 2 kwa 8 zilizoshikanishwa kwa bolti, na ukae juu ya miguu minne iliyoachana kwa mita 1.6, ukianzia sentimita 30 kutoka kila ncha. Kwa mpangilio huo mbao ya kwanza ya mhimili inaungwa juu ya mguu wa tatu, na mwenzake inaungwa juu ya mguu wa pili. Hivyo hakuna kiungio kinachoangukia hewani, na viungio viwili havikutani mahali pamoja.

Boriti ziwe 16, kila moja ikiachana na nyingine kwa sentimita 36 kutoka kitovu hadi kitovu. Mafundi wengi hutumia sentimita 40, na si kosa, lakini 36 ina faida katika baraza lako: mbao ya kukanyagia ya mita 3.6 na nusu yake ya mita 1.8 zote zinaishia juu ya boriti barabara. Mbao za inchi 4, zikiachana kwa milimita 6, zitajaza mita 3.6 kwa mistari 34, na kila mstari unahitaji mbao moja nzima na nusu. Hiyo ni mbao 51 za futi 12, nawe uongeze tano au sita kwa ajili ya zilizopinda na zenye vifundo vibaya. Pima upana wa mbao baada ya kupigwa randa, si kabla, kwa sababu randa inaweza kupunguza milimita tano na kubadili hesabu ya mistari.

Kuhusu uzito, wahandisi huhesabu kilo 200 hivi za watu na samani kwa kila mita mraba ya baraza, na kuongeza kilo 50 za baraza lenyewe. Mita mraba zako 19.4 zinafanya karibu kilo 4,900 kwa jumla, na miguu ya katikati itabeba kilo 700 hadi 800 kila mmoja. Mchanga wa Kigamboni unaweza kuupokea uzito huo ukitandazwa vizuri. Chimba sentimita 60, shindilia sakafu ya shimo, mwaga jamvi la zege la sentimita 45 kwa 45 lenye unene wa sentimita 20, kisha inua juu yake nguzo fupi ya zege ya sentimita 25 kwa 25, yenye nondo nne, hadi itokeze sentimita 15 juu ya ardhi. Mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) unatosha, ila maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima chenye chumvi, kwa sababu chumvi hiyo itazila nondo kutoka ndani.

Hapa ndipo nyumba yako inapokupa bahati. Sakafu ya baraza inapaswa kuwa chini ya kizingiti cha mlango kwa sentimita 5, ili mvua ya upepo isiingie ndani, kwa hiyo uso wake utakuwa sentimita 55 juu ya ardhi. Toa sentimita 2.5 za mbao ya kukanyagia, 15 za boriti na 20 za mhimili, zinabaki 17.5, ambazo ni sentimita 15 za zege na 2.5 za kiatu cha chuma kinachouinua mhimili usigusane na zege. Maana yake ni kwamba hutahitaji nguzo hata moja ya mbao, na hakuna mbao itakayokaribia ardhi kuliko sentimita 17. Kile kipande cha fundi chenye oili chafu kimeondoka kabisa kwenye mchoro.

Kabla ya kuchimba, tembea uwanjani na umwulize aliyejenga nyumba mahali zilipo chemba na shimo la maji taka, kwa kuwa katika nyumba zetu mabomba hayo mara nyingi hutokea nyuma, chini ya pale pale mtu anapotaka kukaa. Chemba isifunikwe moja kwa moja: ama sogeza baraza, ama tengeneza juu yake kipande cha sakafu kinachofunuka, chenye fremu yake. Angalia pia maji ya paa yanaangukia wapi. Mchirizi unaodondoka mahali pamoja kila mvua huweza kuharibu mbao nzuri kuliko zote, basi funga gata kwanza na uelekeze bomba lake mbali. Kwa namna hiyo hiyo, ardhi iliyo chini ya baraza isawazishwe iteremke kutoka nyumbani kwenda uwanjani, majani yang'olewe, na kokoto zimwagwe ili jua na upepo vikaushe. Usizungushie pande za baraza mbao zilizobanana kwa kutaka kuficha uvungu. Ukipenda kuficha, tumia fito zilizoachana ili hewa ipite.

Sasa mbao, ambako pesa nyingi hupotea kwa kuamini rangi. Msindano, au paini kama wengi wanavyoiita, nyingi ikitoka Sao Hill kule Mufindi, haina kinga yake ya asili, lakini hunywa dawa vizuri ikishindiliwa kwa mashine ya mgandamizo. Tofauti ni kubwa kati ya mbao iliyoshindiliwa na ile iliyochovywa tu au kupakwa rangi ya kijani. Mwombe muuzaji akate mbao moja katikati ya urefu wake, si karibu na ncha ambako dawa huingia kirahisi, kisha tazama uso wa mkato. Kijani kikiwa kimeingia ndani kutoka pande zote na kubakisha labda kiini kidogo, hiyo ni mbao ya dawa. Kijani kikiwa utepe mwembamba pembeni na ndani kukiwa kweupe, umeuziwa rangi. Muuzaji akikataa kukata, lipia mbao hiyo moja na ukate mwenyewe. Ni gharama ndogo kuliko zote katika kazi hii.

Dawa inayotumika sana ni ya shaba, kromu na arseniki. Inafanya kazi vizuri dhidi ya kuvu na mchwa, ila kwa sababu ya arseniki watengenezaji wa Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za kawaida za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa hiyo ninapendelea mbao hizo zitumike kwenye mihimili na boriti tu, mahali ambapo mikono na miguu mitupu haigusi, na sakafu yenyewe iwe ya mti mgumu usiohitaji dawa. Fundi avae barakoa anapokata, vumbi likusanywe, na vipande vilivyobaki visitumike kamwe kuwa kuni, hata za nje, kwa sababu moshi na majivu yake ni sumu. Kila ncha iliyokatwa ipakwe dawa ya shaba ya kupaka mara mbili kabla ya kufungwa, kwani mkato hufungua mlango ambao mashine ilikuwa imeufunga.

Kwa sakafu, mti ninaoupa nafasi ya kwanza ni mkongo, ambao upande wa Mombasa na Lamu huitwa mbambakofi. Ni mzito, hautikisiki sana kwa unyevu, na mafundi wa pwani wameufanyia milango kwa vizazi vingi. Wa pili ni msaji, yaani mtiki, unaovunwa kwenye mashamba kama Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro. Kwenye msaji uwe mkali kuhusu jambo moja: kinachodumu ni kiini chenye rangi ya kahawia, na miti michanga ya mashambani huwa na sehemu kubwa nyeupe ya nje ambayo mchwa huila kama mbao yoyote nyingine. Kataa mbao zenye weupe mpana hata kama zimenyooka. Mninga ni mzuri na umetulia, lakini kwa maoni yangu unastahili kubaki kwenye vitanda na makabati, hasa kwa jinsi unavyozidi kuadimika. Mbao za unga wa mti na plastiki zinazoingia kutoka nje haziozi, ila katika jua letu hupata joto kiasi cha kuunguza nyayo mchana, na zikipata boriti zilizoachana sana hulegea. Aina yoyote utakayochagua, nunua kwa muuzaji mwenye risiti na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu cha kusafirisha mazao hayo, ili shehena isikamatwe njiani na mti usiwe wa wizi.

Mbao zikifika, zisifungwe siku hiyo. Zipange kivulini juu ya matofali, kila tabaka likitenganishwa na vijiti vya inchi moja vilivyosimama mstari mmoja, na mawe machache yawekwe juu ili zisipinde. Huhitaji kifaa cha kupima unyevu: chukua mbao mbili, ziandike alama, uzipime kwa mzani kila wiki na uandike uzito wake. Uzito utashuka haraka mwanzoni, kisha polepole. Ukikaa bila kubadilika kwa wiki mbili au tatu, mbao imelingana na hewa ya Kigamboni na haitasinyaa sana tena baada ya kufungwa.

Kuhusu chuma, mita 700 kutoka baharini ni karibu. Upepo wa kusi na kaskazi hubeba chumvi hadi kwako, na chumvi pamoja na shaba iliyo kwenye mbao za dawa hula misumari ya kawaida kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii. Mbao hubaki nzima huku kilichoishika kimekwisha. Misumari myeupe inayong'aa, iliyopakwa zinki kwa umeme, ina tabaka la mikromita chache tu. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto ina tabaka nene mara kadhaa, nayo utaitambua kwa rangi ya kijivu isiyong'aa na uso wenye mikwaruzo kidogo. Hiyo ya pili ndiyo ya bolti za milimita 12 za mihimili, viatu vya chuma na engo za kushikia boriti. Ikiwa viatu vitatengenezwa na fundi wa kuchomelea, vipelekwe kuchovywa zinki baada ya kuchomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza zinki iliyokuwepo. Skrubu za sakafu, zilizo wazi kwa maji na chumvi kila siku, ziwe za stenlesi ya daraja 316. Daraja 304 huanza kuwa na madoa ya kutu mapema katika hewa ya bahari. Ziko ghali, ninajua, lakini ukilazimika kupunguza gharama, punguza ukubwa wa baraza na si ubora wa skrubu.

Mchwa wa ardhini hujenga njia za udongo kutoka mchangani hadi kwenye mbao, kwa sababu hawavumilii kukauka. Juu ya kila nguzo ya zege, chini ya kiatu, weka kofia ya bati nene lililochovywa zinki, likitokeza sentimita 5 kila upande na kukunjwa kuelekea chini. Kofia hiyo haiwaui. Inawalazimisha kujenga njia yao mahali peupe ambapo utaiona na kuivunja. Wako pia mchwa wa mbao kavu, ambao hawahitaji ardhi kabisa na hujulikana kwa punje ndogo ngumu wanazomwaga chini ya vitundu vyao. Dhidi ya hao kinga yako ni kiini cha mti mgumu na dawa iliyoshindiliwa.

Wakati wa kufunga, fundi anyooshe pembe kwa kipimo cha tatu, nne, tano (pembetatu yenye pande za uwiano huo ina pembe mraba) kabla ya kumwaga zege, kisha apime ulalo wa mihimili kwa pima maji. Kila boriti ina ukingo uliobinuka kidogo. Ukingo huo ukae juu, ili uzito uushushe hadi usawa. Kati ya boriti moja na nyingine, juu ya kila mhimili, zifungwe mbao fupi za kukaza ili boriti zisilale upande. Juu ya boriti zote pigilia utepe wa karatasi ya lami, mpana kuliko boriti kwa milimita chache kila upande, kwa kuwa pale mbao ya sakafu inapoikalia boriti ndipo maji hukaa na ndipo skrubu hutoboa njia ya kuyapeleka ndani. Kazi hii haichukui hata nusu siku, na mimi naihesabu kuwa ndiyo inayoongeza umri wa fremu kuliko nyingine yoyote.

Mbao za kukanyagia zitobolewe kwanza kwa drili, skrubu mbili kila zinapokutana na boriti, milimita 20 hadi 25 kutoka ukingoni. Mbao ya inchi moja inahitaji skrubu ya milimita 63 hivi. Kwa kuachanisha mbao, tumia misumari ya inchi 6, ambayo unene wake ni milimita 6. Isimamishe katikati, sukuma mbao, funga, kisha chomoa. Kichwa cha skrubu kilingane na uso wa mbao na kisizame, kwa maana kila kishimo ni kikombe cha maji. Pale mbao mbili zinapoungwa juu ya boriti moja, ongeza kipande cha boriti ubavuni ili kila ncha ipate mahali pake pa kushikwa, nazo ziachane milimita 3 ili zikauke. Viungio vibadilishane mstari kwa mstari.

Ngazi itakuwa fupi: sentimita 55 zinagawanyika kwa hatua tatu za sentimita 18 na kidogo, zilizo sawa kabisa, maana hatua moja ikitofautiana na wenzake ndiyo inayoangusha watu gizani. Kikanyagio kiwe na kina cha sentimita 28, na mguu wa ngazi ukae juu ya zege, si mchangani. Reli za pembeni si lazima kwa kimo hiki kwa viwango vya Marekani, ambavyo huzidai baraza likipita sentimita 76, lakini kama nyumbani kuna watoto wadogo au wazee ninakushauri uziweke, kwa kimo cha sentimita 90 na zaidi, fito zake zikiachana chini ya sentimita 10 ili kichwa cha mtoto kisipite. Nguzo za reli zifungwe ndani ya fremu kwa bolti mbili kila moja, kwa sababu nguzo ya reli iliyofungwa kwa skrubu juu ya sakafu hutikisika ndani ya mwaka.

Usipake vanishi. Ndani ya nyumba inapendeza, lakini nje mionzi ya jua huila mbao chini ya utando, utando hupasuka, maji huingia na hayatoki. Tumia mafuta ya kupenya yaliyotengenezwa kwa mbao za nje, uyarudie kila mwaka kabla ya masika, au uache mbao igeuke kijivu kwa jua. Mkongo na msaji haudhuriki kwa kubadilika rangi. Mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Februari na Septemba, pitisha kisu kisicho na makali kwenye nafasi za mbao utoe mchanga na majani, kisha ingia uvunguni na bisibisi na uidunge mihimili na ncha za boriti. Bisibisi ikigonga na kurudi, mbao ni nzima. Ikizama bila nguvu, sehemu hiyo ibadilishwe kabla ya mvua.

Kwa ratiba, nunua mbao mwezi wa Juni masika yakishapita, mwaga zege mwezi wa Julai, na ufunge Agosti na Septemba, kabla ya vuli. Malipo ya fundi yagawe kwa hatua ambazo unaweza kuziona: baada ya misingi, baada ya fremu, na baada ya sakafu. Usimruhusu aanze kupiga sakafu kabla hujaiona fremu ikiwa wazi, ukahakiki bolti, kofia za bati, utepe wa lami na ncha zilizopakwa dawa, kwa sababu sakafu ikishafunikwa hakuna anayeweza kukuonyesha kilichomo chini. Mbao tatu au nne za sakafu zitakazobaki zihifadhi kivulini, mahali pakavu, ili siku moja ukihitaji kubadilisha uwe na mbao ya mti ule ule na upana ule ule.